Chumvi Kwenye Uso wa Jiwe

Mama mkubwa alipanda juu ya benchi, akagusa kwa kidole shavu la uso wa jiwe, kisha akakitia kidole mdomoni. Kanisa zima lilikuwa likimtazama. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, masika yalikuwa yameanza wiki ile, na uso uliochongwa kwenye kichwa cha nguzo ya kusini ulikuwa umelowa kuanzia machoni hadi kidevuni.

"Chumvi," alisema.

Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akapiga magoti palepale kwenye sakafu na kitenge chake kipya. Kwao chumvi ilikuwa ushahidi, kwa sababu maji ya mvua hayana chumvi na machozi yanayo. Mama mkubwa hakuwaangalia. Aliniangalia mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonja mchuzi akakuta umeharibika, na wageni wameshaketi.

Nilikuwa nimeshatoa simu, napiga picha.

Kanisa lile ni la kijiji cha mama yangu, upande wa Mahurunga, mahali ambapo Ruvuma inaanza kupanuka na kunusa bahari. Ukoo wa mama ulivuka mto kutoka Msumbiji zamani, ukalima hapo, ukabatizwa hapo. Mimi nilikulia Mtwara mjini, lakini kila likizo nilipelekwa kwa mama mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye hakujaliwa mtoto. Kwa hiyo kanisa lile nimelijua kwa miguu kabla ya kulijua kwa akili: ubaridi wa sakafu, na kiza kinachokupokea mlangoni hata saa sita mchana.

Ni dogo. Kuta zake ni nene kiasi kwamba nilipokuwa mtoto nililala kwa kujinyoosha ndani ya dirisha, na miguu yangu haikutokeza nje. Madirisha ni membamba, yana mviringo juu kama kucha. Katikati kuna tao moja kubwa la nusu duara linalotenganisha waumini na altare, limekaa juu ya nguzo mbili fupi, na nyuma ya altare ukuta umejikunja kama kiganja kinachochota maji.

Sakristia, chumba anachovalia padri, ina picha ya kanisa jingine. Imefifia, kioo chake kimepasuka pembeni. Ni kanisa la kijiji cha milimani huko Ulaya, la karne za kati, lenye kuta nene vilevile, madirisha ya kucha vilevile, na tao lilelile. Bruda, mtawa mmisionari aliyejenga letu, alizaliwa katika kijiji hicho. Hakuwa na ramani, alikuwa na picha hiyo na kumbukumbu ya utoto wake, na aliwapimia mafundi wa hapa kwa hatua za miguu. Baadaye, nilipokuwa nasoma chuo, nilijifunza kwamba mtindo huo huitwa wa Kiromaneski, na kwamba waliojenga hivyo walijua jambo moja kuhusu tao: halitulii. Usiku na mchana linasukuma pembeni. Kinachofanya lisimame ni uzito wa kuta zinazolikataza. Nilisoma sentensi hiyo maktabani mara mbili, kwa sababu nilikuwa nimelala ndani ya kuta hizo nikidhani zimepumzika.

Katika picha ile, vichwa vya nguzo vimechongwa. Kimoja ni uso wa kiumbe kinachotoa ulimi. Inasemekana bruda alimwomba mchongaji wa Kimakonde amchongee malaika mahali kama hapo katika kanisa letu, na mchongaji, ambaye hakuwahi kumwona malaika, akachonga mtu aliyemheshimu kuliko wote: mwanamke mwenye chale mashavuni na ndonya, kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu. Bruda alimtazama kwa muda mrefu, akasema sawa. Nguzo ya kaskazini ilipata samaki.

Mawe ni matumbawe, yaliletwa kutoka pwani. Chokaa nayo ilikuwa ya matumbawe na makombe yaliyochomwa, ikalowekwa shimoni nyuma ya sakristia mpaka ikawa laini kama samli. Kila Kwaresima wanawake walilipaka kanisa chokaa, ndani na nje. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya ukuta, na sehemu hiyo ilishuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti, kama shamba. Nguzo ya kusini na uso wake ilikuwa yetu. Ilikuwa ya bibi, ikawa ya mama mkubwa, na baada yake ingekuwa yangu. Nilifundishwa kuupaka uso ule nikiwa na miaka tisa, kwa brashi ya makumbi ya nazi, nikianza na paji la uso na kumalizia na ndonya.

"Usimjaze puani," mama mkubwa aliniambia. "Mwache apumue."

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Miaka mitatu iliyopita kamati ya kigango iliamua kupiga kuta zote plasta ya simenti na rangi ya mafuta. Wasichana walikuwa wamehamia mjini, waliobaki walikuwa na magoti mabovu, na chokaa iliunguza vidole. Jumuiya za Mtwara mjini, Mikindani na Naliendele zilichangia mifuko ya simenti. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kuwaomba. Ilikuwa barua nzuri, watu waliniambia hivyo. Mama mkubwa sikumwandikia, yeye nilimwambia kwa mdomo, tukiwa jikoni kwake.

"Utapumzika sasa, mama."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Mgongo wako."

"Mgongo wangu unakusengenya." Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho. "Wewe ndiye hutaki kuja kupaka. Sema hivyo, nitakuelewa."

Ilikuwa kweli.

Fundi alikuja kiangazi, kijana mchangamfu kutoka mjini. Alipiga plasta hadi pembe za kanisa zikawa kali kama za boksi. Uso wa mwanamke aliupaka simenti laini, akauchonga upya kwa ncha ya mwiko, akampa kope ambazo hakuwa nazo. Kisha rangi ya mafuta, nyeupe, ya kung'aa. Siku ya kuzindua mlango ulipofunguliwa mwanga uliruka ukutani, watu wakapiga makofi. Ni mama mkubwa peke yake aliyekwenda kwenye nguzo na kuiwekea sikio.

Halafu masika yakaja, na uso ukaanza kulowa.

Niliandika kuhusu machozi yale usiku wa Jumapili ileile, nikaweka mtandaoni pamoja na picha. Niliandika kwamba mama yetu wa jiwe analilia mabinti waliomwacha. Sikuandika kwamba ni muujiza. Niliandika kwa namna ambayo mtu yeyote angeelewa kwamba ni muujiza, na hiyo ni kazi ninayoiweza. Maneno yalisambaa. Jumapili iliyofuata walikuja watu kwa malori kutoka Newala. Iliyofuata, walivuka mto kutoka Msumbiji na mishumaa yao. Walipanga foleni chini ya tao, wakapanda benchi mmoja mmoja, wakamfuta mwanamke mashavu kwa leso na kuziweka leso hizo kifuani. Kwaya ilitunga wimbo. Katekista, mwalimu mstaafu mwenye mwendo wa haraka na kicheko cha karibu, alinisalimia njiani: "Mwandishi wetu! Kalamu yako imetuletea dunia nzima. Sasa tuletee na maji ya bomba."

Mvua zilikwisha mwezi wa tano. Uso haukukauka.

Nilirudi kijijini mwezi wa nane, siku tatu kabla ya sikukuu ya somo wa kanisa, mtakatifu wake msimamizi. Mama mkubwa alikuwa ameniita kwa simu, jambo ambalo hafanyi. Hakunipa chai. Alinipeleka chumbani kwake, akavuta kopo la maziwa ya unga kutoka uvunguni, akafungua mfuniko. Lilikuwa limejaa unga mweupe uliochanganyika na changarawe.

"Unga wa nini?"

"Wa nguzo yako. Unavuja kwenye nyufa za plasta, naufagia kila asubuhi kabla hawajawafungulia watu. Hili la tatu."

Nilitia kidole. Ulikuwa mkavu, mwepesi, na ulichoma kwenye kidonda kidogo nilichokuwa nacho kuchani.

"Jiwe lile limetoka baharini," alisema. "Limeinywa bahari tangu huko. Kila masika linakunywa tena maji kutoka chini, kila kiangazi linayatoa. Chokaa ililiacha litoe. Simenti yenu imelifunga mdomo. Chumvi inatafuta pa kutokea, haipati, inalila jiwe kutoka ndani. Nililionja mbele yenu wote. Nilisema chumvi."

"Hukusema hayo mengine."

"Vigelegele viliniacha niseme?"

Tulikwenda kanisani. Mchana ule hapakuwa na mtu, ila mishumaa iliyokufa. Dondola waliokuwa wakijenga kwenye dirisha la kusini tangu utoto wangu walikuwa wamehama, viota vyao vikiwa vitupu kama ndewe za masikio. Mama mkubwa alinionyesha, juu kidogo ya kichwa cha mwanamke, pale tao linapoanza kuinama, ufa mwembamba chini ya rangi. Juu ya ufa huo kulikuwa na bonge la chokaa mbichi la ukubwa wa kucha ya dole gumba. Alilibandika mwenyewe, kama bibi alivyokuwa akifanya kila palipotokea ufa. Chokaa ikikauka haivutiki. Ukuta ukitulia inabaki nzima, ukitembea inakatika.

Ilikuwa imekatika katikati. Pembeni yake kulikuwa na alama ya bonge jingine lililokatika kabla, na jingine.

"Siku ngapi?" niliuliza.

"Hili nililibandika Jumapili." Ilikuwa Alhamisi.

Nilisimama chini ya tao nikahesabu mabenchi. Siku ya somo kungejaa mpaka milangoni, na wote wangepita pale, chini ya ufa, kupanda benchi na kumgusa. Kwaya ingeketi palepale, ndiyo nafasi yao. Nilisikia ukuta ukitoa sauti ndogo, tik, kama mtu anayevunja ukucha. Mama mkubwa hakushtuka. Alikuwa ameizoea.

Katekista alinisikiliza akiwa anapiga pasi kanzu za watumishi kwa pasi ya mkaa. Nilimwonyesha kopo. Alilichungulia, akalisogeza mbali na kanzu.

"Kwa hiyo alikuwa halii," alisema.

"Halii, mwalimu. Ni chumvi ya mawe."

"Na yule mama wa ng'ambo aliyemgusa akashika mimba baada ya miaka kumi na mmoja, naye ni chumvi ya mawe?"

"Sijui kuhusu yeye. Najua kuhusu ukuta. Misa tuifanyie nje. Mwaka huu tu."

"Wewe ulituandikia analia. Niliisoma mwenyewe kwenye kipaza sauti, mbele ya watu, sauti ikanikatika." Alipitisha pasi taratibu kwenye kola. "Leo unataka nisimame palepale niwaambie mwandishi alikosea. Wataniuliza, mara ngapi amekosea? Na mimi mara ngapi?"

"Waambie nimekosea mimi."

"Wewe, mtoto wa mwenye nguzo?" Alitabasamu, kicheko kikakataa kuja. "Nenda kamwone padri."

Padri alikuwa parokiani, na alikuwa mpole. Alisema atampeleka mhandisi baada ya sikukuu. Nilimwambia baada ya sikukuu ni mbali. Alisema kanisa limesimama tangu wakati wa babu zetu, wiki moja haitalishinda. Niliandika tena, jioni hiyo, kwamba nilichoandika masika hakikuwa kweli, kwamba ni chumvi, kwamba watu wasiende. Niliandika vibaya, bila picha, kwa haraka ya mtu anayeogopa. Wa kwanza kujibu aliuliza nimelipwa na nani. Wa pili aliweka tena maandishi yangu ya zamani, yale mazuri, akanishauri niyasome.

Jumamosi, mkesha wa sikukuu, saa saba mchana, kijiji kikiwa kwenye maandalizi ya chakula, mama mkubwa aliniambia nibebe ngazi. Yeye alibeba nyundo na patasi ndani ya beseni, akafunika kwa kanga.

"Tunakwenda kumfungua pua," alisema. "Simenti ikitoka watu wataona jiwe lilivyo. Hawataamini kopo, wataamini macho yao."

"Na uso?"

"Uso upo chini. Ulikuwepo kabla ya simenti."

Ndivyo tulivyoamini wote wawili. Tuliamini kwamba chini ya kope zile za fundi alikuwepo mwanamke wetu, na chale zake, akingoja. Mama mkubwa alipanda, nikashika ngazi. Aligonga kidogo sana, kama anayepasua yai. Rangi ilijikunja ikatoka kwa vipande vipana, na nyuma yake simenti, na nyuma ya simenti palikuwa pamelowa. Alitia ncha ya patasi pembeni mwa sikio akaisukuma.

Uso wote ulitoka. Ulitoka kama ganda la muhogo uliochemshwa, mzima, ukaangukia beseni na kupasuka. Ndani ya ganda la simenti nilimwona kwa sekunde, kinyumenyume, mashavu yamekuwa mashimo, ndonya imekuwa shimo. Pale juu ya nguzo, alipokuwa, hapakuwa na uso. Palikuwa na unga uliolowa, unaporomoka wenyewe, taratibu, bila mwisho, ukimwagikia mikono ya mama mkubwa na kichwa changu.

Hakulia. Alikinga unga kwa viganja, kama vile ungeweza kurudishwa.

"Mmefanya nini?"

Katekista alikuwa mlangoni, na nyuma yake akina mama wa kwaya, ambao walikuwa wamekuja kufanya mazoezi ya mwisho. Walikuja hadi katikati ya kanisa wakasimama, mmoja akiwa bado ameshika daftari la nyimbo, wakatazama pale ambapo uso haukuwepo.

"Mama mkubwa," alisema yule wa daftari, kwa upole uliotisha, "ungetuambia umechoka naye. Tungemchukua sisi."

"Tokeni nje," alisema mama mkubwa kutoka juu ya ngazi.

"Leo unatufukuza kanisani?"

"Tokeni."

Tao lilitoa ile sauti, tik, kisha nyingine nzito zaidi, kama kiti kinachoburuzwa chumba cha pili. Jiwe la ukubwa wa mkate lilichomoka juu ya ufa, likaanguka kwenye benchi la mbele la kwaya na kulivunja katikati. Vumbi likaja nyuma yake. Katekista ndiye aliyewatoa, akiwasukuma kwa mikono yote miwili kama anayeswaga mbuzi, kisha akarudi, akashika ngazi upande wa pili, tukamshusha mama mkubwa.

Sikukuu ilifanyika nje, chini ya maturubai ya harusi. Watu walivuka mto, walikuja kwa malori, wakakuta mlango umefungwa kwa kamba. Mama mkubwa alipika sufuria moja ya wali kama kila mwaka. Ilirudi nyumbani imejaa.

Mhandisi alikuja wiki iliyofuata, akalishika tao kwa boriti za mikoko. Nilimuuliza kama lingeanguka siku ile, na watu ndani. Alisema huenda. Alisema pia kwamba nguzo iliyooza namna ile haigongwi kwa patasi, na kwamba huenda jiwe lilitoka kwa sababu tuligonga. Katekista alikuwepo, aliyasikia yote mawili. Kijijini limebaki neno la pili.

Nilimweleza mama mkubwa, nikitaka aniambie ni lipi.

"Ulitaka lianguke Jumapili ndipo ujue?" aliuliza, akaendelea kuchambua mboga.

Kamati iliruhusu simenti iondolewe kwenye nguzo ya kusini peke yake, kwa kuwa hapo hapakuwa na cha kupoteza tena. Kwingine waliogopa kugusa. Kanisa lilifunguliwa baada ya miezi miwili, boriti zikiwa bado zimesimama katikati ya watu. Kwaresima ya mwaka huu nilikuja kupaka nguzo yangu. Mama mkubwa sasa hapandi ngazi, aliketi kwenye benchi akiniongoza kwa kidole. Nilipaka kisiki kile cha jiwe kisicho na paji wala mdomo, kuanzia juu kwenda chini, kwa mpangilio niliofundishwa, na mkono wangu ulisita mahali pa pua. Juu yake nilibandika bonge jipya la chokaa kwenye ufa. La mwezi uliopita lilikuwa zima. Lilikuwa na mstari mmoja, mwembamba kama unywele, ambao nilijitahidi kuuona kama mkwaruzo wa brashi.

Nilipogeuka kuosha brashi, nilimwona mama mmoja mgeni, mwenye mshumaa, amesimama upande wa kaskazini. Alikuwa anamtazama samaki. Rangi ya mafuta juu ya samaki ilikuwa imevimba kama lengelenge, na chini ya jicho lake kulikuwa na tone.

"Dada," aliniita kwa sauti ya chini, "na huyu ameanza?"

"Ni chumvi ya jiwe, mama. Sogea huku. Usisimame hapo."

Alipanda benchi, akagusa, akaonja. Uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Kweli," alisema. "Chumvi."

Nyuma yangu nilisikia benchi likilia, mama mkubwa akijisukuma kwa mikono ili asimame. Aliniambia niende nyumbani upesi nikalete kopo, na nikipita kwa katekista nimwambie aje sasa hivi, aje na kamba ya mlango.